Mstari wa Ishirini

Kazi yangu ni kueleza karatasi. Sizisomi, nazieleza. Mahakama iliamua majalada yake ya zamani yapigwe picha kabla panya hawajamaliza kuyahukumu, na kila picha ikishaingia kwenye kompyuta lazima mtu aiandikie maelezo: ni ukurasa wa ngapi, umepigwa chapa au umeandikwa kwa mkono, muhuri uko wapi, wino wa rangi gani, doa liko upande gani, mistari ni mingapi. Majina ya watu huingizwa na chumba cha pili. Sisi wa chumba cha kwanza tunaona karatasi tu. Kwa siku namaliza kurasa mia mbili, na ukiniuliza jioni zilisema nini, nitakuambia zilikuwa na matundu mawili pembeni.

Msimamizi wetu tunamwita Muhuri, maana neno lake likishatoka limetoka. Siku ya kwanza alituambia, "Andikeni mnachokiona. Mnachokijua kaeni nacho." Nilimpenda kwa hilo. Mimi ni mtu nisiyetulia, mguu wangu wa kulia hutikisika chini ya meza hata mbele ya daktari wa meno, na kazi isiyonidai kufikiri ilinifaa. Macho yanaona, vidole vinaandika, kichwa kinakwenda kinakotaka.

Naishi na shangazi, dada wa marehemu baba, ambaye amenilea tangu nina miaka minne. Yeye akikaa amekaa. "Mguu huo sijui umeutoa wapi," huniambia. "Kwetu sisi watu wanatulia." Hadithi ya nyumbani ilikuwa fupi: baba alikufa, mama akaenda zake, shangazi akabaki. Niliwahi kuuliza mara moja mama alikwenda wapi. "Angekutaka angekuja," shangazi alisema, akaendelea kukata vitunguu. Sikuuliza tena. Nilimkasirikia mama miaka ishirini na saba mfululizo, na niseme kweli, nilishaizoea hasira hiyo kiasi kwamba sikuisikia uzito.

Jumamosi moja asubuhi fundi wa maji alikuja kutubadilishia mita. Alipomaliza akatoa fomu ya kusaini. Nikanyoosha mkono, kwa sababu kila karatasi ya nyumba ile nasaini mimi tangu nilipoanza kazi, lakini fundi akakataa. Alimtaka mwenye nyumba.

Shangazi akafurahi. Akavaa miwani, akavuta kiti, akasaini taratibu kama mtu anayetia nakshi: kitanzi kimoja, kisha mkia mrefu unaorudi kushoto, kisha nukta tatu chini ya mkia, moja, mbili, tatu.

Nikasikia sentensi kichwani, kwa maneno yangu mwenyewe. *Saini isiyosomeka, mkia mrefu unaorudi kushoto, nukta tatu chini yake.* Niliiandika mimi. Tena niliiandika wiki ileile.

"Unakodoa nini?" shangazi akaniuliza fundi alipoondoka.

"Saini yako."

"Nzuri, eti? Alinibunia baba yako tukiwa shule. Nukta moja yeye, moja mimi, moja mama yetu."

Siku mbili zilizofuata sikukalika. Nilifagia ua, nikaufagia tena. Niliosha vyombo vilivyokuwa safi. Nilikwenda dukani mara nne na mara zote nne nikasahau nilichofuata. Nilijiambia kwamba watu wengi wana saini zenye mikia, na dakika moja baadaye najiuliza, wenye nukta tatu wako wangapi? Shangazi akaniuliza kama nimekalia siafu. Nikamwambia ni kazi tu. Ulikuwa uongo na ulikuwa kweli.

Jumatatu nilifika ofisini kabla ya mfagizi. Fungu langu la majalada lilikuwa bado wazi. Lingefungwa saa sita mchana, na likishafungwa huwezi tena kulifungua. Nikatafuta kwa maneno yangu: nukta tatu. Kompyuta ikaleta jibu moja. Jalada la shauri la malezi, ukurasa wa kumi na moja. Na juu ya jalada hilohilo Muhuri alikuwa ameniachia dokezo jekundu: *Ukurasa wa 9 umeandika mistari kumi na tisa. Ni ishirini. Hesabu tena.*

Nikafungua ukurasa wa kwanza, na kwa mara ya kwanza katika miaka miwili ya kazi ile, nikasoma.

Mwombaji ni mama mzazi, mjane. Baada ya mazishi ya mume alikwenda mji mwingine kufanya kazi ya kufua hospitalini, akamwacha mtoto kwa wifi yake kwa mwezi mmoja tu. Aliporudi wifi alikataa kumtoa. Anaiomba mahakama imrudishie mtoto wa kike wa miaka minne. Majina ya mtoto yalikuwa yangu, yote matatu.

Ukurasa wa pili hadi wa nane ni mahudhurio. *Mwombaji yupo. Mjibu maombi hayupo. Shauri linaahirishwa.* Ukurasa unaofuata hivyohivyo, na unaofuata. Saba. Mara saba mama alifika akakaa kwenye benchi la mahakama hiyohiyo ambayo ndani yake mimi hunywa chai. Nikatazama maelezo niliyoziandikia kurasa hizo. Nilikuwa nimeandika: *Kurasa saba zinazofanana.*

Ukurasa wa tisa ni barua. Maelezo yangu: *Barua ya mkono, wino wa bluu, mistari kumi na tisa, doa la maji kona ya chini kulia.* Niliihesabu mistari ya mama yangu na sikusoma hata mmoja. Aliandika hivi: Mheshimiwa, naomba kujua tarehe ya shauri langu, maana kila nikija karani ananiambia nikasubiri wito nyumbani. Alieleza kwamba mtoto ana kifua chepesi na asiogeshwe maji baridi. Nikahesabu kwenda chini. Kumi na tisa. Nikahesabu tena. Kumi na tisa, na nikaanza kumtukana Muhuri moyoni.

Ndipo nilipogeuza shingo. Mstari wa ishirini ulisimama wima kwenye ukingo wa kushoto, umebanwa na matundu ya jalada: *Nimehama kwa wifi. Wito uletwe kwa kaka yangu, fundi viatu, mkabala na kiwanda cha matofali.*

Karani wa wakati ule naye hakugeuza shingo. Ukurasa wa kumi ni wito wenyewe, nakala ya mahakama, umeandikwa anwani ya zamani, nyumbani kwa wifi. Wa kumi na moja ni hati ya tarishi kwamba ameufikisha: *Nimepokea kwa niaba ya mwombaji.* Kitanzi, mkia, nukta tatu. Wa kumi na mbili una mistari miwili na muhuri. Mwombaji hayupo. Ombi limetupiliwa mbali.

Nikaurudia ukurasa wa kumi na moja, nikaikuza saini mpaka ikajaza skrini.

Muhuri akapita nyuma yangu. "Umeuona wa ishirini?"

"Nimeuona."

"Wengi wanaukosa. Watu wanahesabu kwenda chini tu."

Kanuni inasema ukikutana na jalada la ndugu yako, ulikabidhi papo hapo. "Bwana," nikasema, "hili jalada linanihusu."

"Tangu lini?"

"Tangu nina miaka minne."

Akatazama skrini, kisha akaivua miwani akaifuta ingawa haikuwa na vumbi. "Sahihisha ukurasa wa tisa, halafu unikabidhi," akasema. "Kosa lako humwachii mwenzako. Baada ya hapo sitaki kukuona humu leo."

Nikaandika: *Mistari ishirini. Mstari wa ishirini umeandikwa wima kwenye ukingo wa kushoto.* Hayo tu ndiyo niliyoruhusiwa kuandika. Nikaondoka na kitambulisho cha kazi bado kikining'inia shingoni.

Shangazi alikuwa jikoni akichambua maharage. Alishtuka kuniona saa ile. "Umefukuzwa?"

"Shangazi, mama alikwenda mahakamani mara ngapi?"

Vidole vyake vikasimama ndani ya sinia. "Nani kakwambia?"

"Wewe. Juzi, uliposaini ya mita."

"Nilijua zile karatasi zilishaoza," akasema. "Tarishi alikuja na baiskeli, mchana. Akauliza kama mwombaji anakaa hapa. Nikamwambia ndiyo. Wewe ulikuwa umeshika gauni langu. Mwaka uleule nilikuwa nimemzika ndugu yangu, mama yetu alikuwa ametangulia, nyumba nzima nimebaki na wewe. Nikasaini. Nikasema nitampa."

"Hukumpa."

"Sikumpa."

"Na alikuja?"

"Mara mbili. Nikamtolea uamuzi wa mahakama mlangoni. Mara ya tatu sijui kama alikuja. Tulikuwa tumehama."

Nilimwambia maneno ambayo mtu hamwambii mzee wake, na sitayarudia hapa. Nilimwambia nikiwa natembea, kutoka mlangoni hadi dirishani na kurudi, kwa sababu ningesimama ningevunja kitu. Nilimchukia, na papo hapo niliona kwamba gauni alilovaa nilimshonesha mimi, na kwamba kifua changu hakijawahi kuoga maji baridi katika nyumba yake. Sijui hilo alilijulia wapi. Nilipoishiwa, aliinuka ameshika goti, akaenda chumbani, nikasikia sanduku likiburutwa kutoka uvunguni.

Akarudi na bahasha ya kaki. Ndani yake mlikuwa na ule wito, nakala ya mwombaji, umekunjwa mara mbili, haujachakaa.

"Kwa nini hukuuchoma?" nikauliza.

"Karatasi ya serikali mtu anaichomaje?"

Kicheko kilinijia bila kukiita, na hilo likanikasirisha zaidi.

"Mpelekee," akasema. "Ni yake." Nilipokuwa navaa viatu aliniuliza kama nitarudi. Sikumjibu. Haikuwa kumkomoa, sikuwa nikijua.

Kiwanda cha matofali kilishakufa zamani, lakini watu bado wanakitumia kuelekezana. Niliuliza mara tatu njiani. Kibanda cha fundi viatu kilikuwa mkabala na geti lenye kutu, na fundi mwenyewe, mzee wa mvi, alikuwa amepakata kiatu kilichopinduliwa, misumari midogo midomoni. Nikamwambia namtafuta dada yake. Akakiangalia kitambulisho changu, akaiangalia bahasha, akatema misumari kiganjani.

"Mambo ya mahakama yalikwisha zamani," akasema. Hata hivyo akageuka akaita kupitia mlango wa nyuma. "Dada. Kuna mtu wa mahakama."

Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno. Nilikuwa na ya kuanzia, ya katikati, hata ya kujitetea. Mwanamke akatokea akifuta mikono kwenye kitenge, miwani imening'inia kwa uzi, na maneno yote yakapotea. Nikamnyooshea bahasha kwa mikono miwili.

"Nimeleta wito wako," nikasema.

Alinichukulia tarishi. Akaipokea, akavaa miwani, akafunua karatasi. Alisoma kwa kidole, neno kwa neno, kama mtu aliyewahi kuponzwa na karatasi. Alipofika kwenye tarehe kidole kikasimama. Akapapasa nyuma yake bila kutazama mpaka akalipata benchi la wateja, akakaa.

"Saa tatu asubuhi," akasema. "Ningefika saa kumi na mbili."

Akaniinulia macho.

"Si wewe ni wa mahakama? Andika hivyo. Andika kwamba ningefika."

Kwa miaka miwili nimeambiwa niandike ninachokiona. Nilichokiona ni mwanamke wa miaka sitini hivi, kidole juu ya tarehe, wino wa muhuri uliofifia, na chini ya benchi mguu wake wa kulia ukitikisika bila kupumzika. Wangu nao ulikuwa unatikisika.

"Mimi ndiye mtoto anayetajwa hapo," nikasema.