Marehemu Mfaransa Mezani kwa Pelagia

"Umeiba! Sema tu umeiba!" Trifon alipiga meza kwa mpini wa kisu. "Soneti! Tangu lini mtu wa Kutaisi akaandika soneti?"

"Tangu Jumanne, ami," alijibu Elpite.

"Shemeji, ukivunja meza utanunua nyingine," alisema Pelagia, mama yake Elpite, huku akikata mkate wa jibini.

Wageni walicheka. Trifon, kaka wa marehemu mume wa Pelagia, ndiye aliyekuwa mkuu wa meza siku hiyo, mwenye kuongoza maneno ya heri na divai. Ndiye pia aliyekuwa mhariri wa jarida pekee la mashairi mjini. Asilolikubali yeye, halikuchapwa.

"Mwenye mali yule pale," alisema, akinyoosha kidevu. "Amefuata chake."

Kwenye kiti cha mwisho aliketi mshairi wa Paris. Alikuwa amefariki kabla Elpite hajazaliwa, na tangu binti aanze kutafsiri kitabu chake, alihudhuria kila karamu, koti limelowa mvua ya kwao. Pelagia alimweka karibu na jiko apate kukauka. Kwa mtu aliyekufa, alikula vizuri. Alipenda sana kuku wa mchuzi wa kokwa za jozi, ila alilalamikia chumvi.

"Basi tumuulize," alisema Pelagia. "Soma, mwanangu."

Elpite alisoma. Lilikuwa shairi la wanawake wanaofua sufu mtoni Rioni, mistari kumi na minne, vina vimesukwa kama wanavyosuka Paris. Marehemu aliweka mfupa chini akasikiliza. Kijojia cha jikoni, lugha ya nyumba ile, alishakijua.

"Zuri," alisema. "La nani?"

"Si lako?" aliuliza Trifon.

"Langu? Mto huo siujui. Na kina kile cha mwisho nisingethubutu."

Trifon alijimiminia divai. "Wafu wana adabu mno. Sichapi. Watu watasema tunavaa mitumba ya Ulaya."

Pelagia aliona bintiye akianza kuikunja karatasi. Aliweka kisu chini.

Kwao, mtu akishatoa neno la heri mezani, divai mkononi, humpokeza mwenzake kwa kusema "alaverdi". Aliyepokea sharti aongeze la kwake. Akirudia lile lile, aibu. Akinyamaza, aibu zaidi.

"Shemeji, umeongoza meza mpaka umeota mvi, alaverdi huijui? Mzee huyu alisema lake huko kwao, akampokeza mwanangu. Mwanangu ameongeza. Ulitaka anyamaze kama gogo?"

"Ile ni divai, Pelagia. Hili ni jarida."

"Wanasema mcheza kwao hutunzwa. Wewe unamtunza kwa mawe."

"Sichapi."

"Usichape."

Aliinuka, akafungua milango yote miwili ya roshani. Chini, watu walikuwa wakitoka sokoni na vikapu vyao. Akashika pembe la kunywea la mkuu wa meza, lililojaa divai, ambalo hakuna mwanamke aliyewahi kulishika katika nyumba ile, akalinyanyua juu ya barabara.

"Watu wa Kutaisi! Simameni! Binti yangu ana shairi!"

Fundi viatu akaacha nyundo. Mwuza mboga akatua kikapu. Elpite akaja kusimama kando ya mama yake, na marehemu akamshikia ncha ya karatasi isipeperuke.

Mezani Trifon aliomba apitishiwe kuku. Hakuna aliyegeuka.

Elpite akaanza kusoma.