Maji Kwenye Sabuni ya Bi Mzito

Sabuni ya Bi Mzito ukiichota na kijiko, kijiko kinaomba ruhusa kutoka. Jina lake lilianzia hapo. Akipata mteja mpya anageuza chupa kichwa chini na kuanza kuhesabu, na sabuni ikidondoka kabla ya kumi anairudisha jikoni kuitia chumvi iwe nzito. Sabuni imelegea? Chumvi. Mteja kalalamika? Chumvi. Maji anatia siku ya kupika tu, ikishakaa haruhusu hata tone. Anayeongeza maji baada ya hapo, kwa Bi Mzito, ni mwizi aliyevaa aproni.

Na mwizi mwenyewe anaishi chumba cha pili: wifi yake, dada wa mumewe, naye anauza sabuni. Miezi mitatu iliyopita Bi Mzito alisimama bombani, foleni nzima inasikia, akasema sabuni ya wifi yake ni maji yaliyochungulia sabuni dirishani. Watu walicheka mpaka ndoo zikafurika. Tangu siku hiyo salamu zao ni za mlango tu. Huyu akifungua, yule anabamiza.

Sasa jana jioni mwalimu mkuu wa chekechea kaja na chupa nane tupu, zile za pampu ambayo ukibonyeza inatoka povu tupu. Watoto wake sabuni ya kawaida wanaimwaga, wanajipaka usoni kama losheni.

"Kesho saa nne wazazi wanakuja kuona masinki mapya," alisema. "Nijazie hizi. Zikitoa povu, sabuni ya shule unaleta wewe mwaka mzima. Zikigoma, nachukua za dukani, tusilaumiane."

"Mwalimu, nenda kalale."

Asubuhi mapema Bi Mzito kajaza chupa ya kwanza, kafunga, kabonyeza. Pampu ikalia kwii, ikakwama. Kabonyeza tena. Wapi! Basi akawaza kama alivyozoea: sabuni haijakolea. Akachota sabuni kwenye bakuli, akatia chumvi, akakoroga mpaka bega likauma, akajaza chupa ya pili. Hiyo haikulia hata kwii.

Akaita mumewe, fundi baiskeli, aliyekuwa uani na mikono myeusi ti kwa grisi. "Baba watoto, njoo ubonyeze, wewe una nguvu za kiume."

Mume akakumbatia chupa, akabana meno, akaegemea kwa uzito wake wote. Pampu ikafyatuka kama kizibo cha soda, na mnyoo wa sabuni mrefu kama mkono ukaruka ukatua kwenye shati lake, ukang'ang'ania hapo hapo.

"Hii sabuni au gundi?" akauliza.

Kicheko kikatokea mlangoni. Wifi huyo, kaegemea fremu, kijiti cha meno mdomoni. "Endeleeni, wala sijaja kusumbua. Wifi, ongeza chumvi, bado kidogo utapata tofali."

"Nani kakuita?"

"Kelele za kaka yangu. Kwani hiyo pampu si inachanganya sabuni na hewa? Sasa hewa ipite wapi kwenye ugumu huo? Tia maji."

Bi Mzito akaruka kama kakanyaga kaa la moto. "Maji? Kwenye sabuni yangu? Bora nikauze njugu!"

Wifi hakubishana. Akaenda kwake, akarudi na sabuni yake, akachukua chupa ya tatu, akajaza, akabonyeza mara moja. Pwaa! Povu jeupe likakaa kiganjani mwa kaka yake. Mume akanawa, akasuguasugua, akasuuza. Akainua mikono. Myeusi vile vile.

"Povu zuri," akasema taratibu, maana huku mke, huku dada. "Ila grisi nayo imelifurahia."

Sasa ikawa zamu ya Bi Mzito kucheka, akacheka mpaka akashika meza. Wifi akatema kijiti. "Haya, yangu haina nguvu, nimekubali. Na yako ina nguvu, haina pumzi. Saa tatu kasoro hii, wifi. Unataka shule au unataka kunicheka?"

Bi Mzito akatazama zile chupa. Mwaka mzima wa kazi umepangwa mezani, na unagoma. "Maji kiasi gani?"

"Nitakupimia. Ila ndoo zimekauka, na bombani unaenda wewe. Wakikuuliza maji ya nini, usidanganye."

Bombani foleni ilikuwa ndefu kama kawaida. Bi Mzito akasimama na ndoo, shingo imenyooka, anaangalia mbele kama askari wa gwaride.

"Leo unafua?" mshona nguo akamuuliza.

Angeweza kusema ndiyo. Neno lilikuwa tayari ulimini. Akageuka, wifi yupo nyuma yake, kakunja mikono, anasubiri.

"Ya kutia kwenye sabuni," akasema.

"Kwenye nini?"

"Sabuni! Sabuni yangu mimi! Nilimsema wifi yangu hapa hapa, na leo kanifundisha yeye. Mkitaka kucheka chekeni haraka, mwalimu anakuja kabla ya saa nne!"

Walicheka, tena sana. Lakini wakampisha mbele, halafu foleni nzima ikamfuata nyumbani kuona yatakayotokea.

Wifi akachota kikombe kimoja kikubwa cha sabuni ambayo haijaguswa na chumvi ya asubuhi, akaanza kumimina maji. Kila kikombe cha maji kilipoingia, Bi Mzito alifumba macho. Wakakoroga polepole, wakaosha chupa na pampu zote, wakajaza. Mume akabonyeza. Pwaa! Akasugua, akasuuza, akainua mikono, na foleni ikaona kucha zake kwa mara ya kwanza mwaka huu.

Mwalimu alipofika alikuta nyumba imejaa watu wenye ndoo. Akabonyeza chupa moja, akanusa povu, akaangalia juu. "Bi Mzito, umetia nini?"

"Maji, mwalimu. Vikombe vinne kwa kimoja cha sabuni. Tumetengeneza mimi na wifi yangu."

"Vitatu na nusu," wifi akasema. "Cha mwisho alinishika mkono."