Picha Iliyokula Miji

Sogeeni, wajukuu zangu mliokwisha kuota mvi.

Katika nchi ya Mfalme Kiboko kitendawili kilikuwa sheria: ukishindwa kukitegua, unatoa mji. Si mji wa mdomoni kama tunaopeana sisi tukimenya mihogo. Mji kweli, na watu wake na visima vyake.

Bi Nungunungu na wenzake walikuwa wamefukuzwa bwawani ili Mfalme aoge peke yake. Siku moja Bi Nungunungu akaingia barazani kwa Mfalme na picha aliyoichora kwa mwiba wake mwenyewe. Pichani, bwawa limeanikwa angani kama shuka. Chini, kwenye tope kavu, kiti cha enzi, na kivuli cha kiti kimeinuka kinakwenda zake. Vikombe vya wageni vimepangwa, mgeni hakuna. Picha yote buluu, ile buluu ya alfajiri ya msibani.

"Kitendawili, Mtukufu. Hiki ni nini? Jibu nalitaka kinywani mwako."

Waziri Kasuku akawahi kumnong'oneza. Mfalme akatamka: "Bwawa juu ni cheo changu kupanda. Kivuli kinakwenda kukagua mipaka."

"Na vikombe?"

"Wageni wako njiani!"

"Sivyo, baba."

Kadhi Korongo akashindwa kunyamaza. "Mtukufu, mimi nikiitazama naona baridi. Naona upweke. Mwenye kiti—"

"Funga domo lako refu! Nani mpweke hapa?" Mfalme akacheka. Baraza nalo likacheka, kwa kuchelewa kidogo. "Mpeni mji huyu mama, aende."

Bi Nungunungu akapewa mji, akawafungulia watu wote visima. Siku ya gulio akarudi na picha ile ile. Mfalme akasema ni karamu. Mji ukaenda. Akasema ni mvua. Ukaenda mwingine. Jibu alilijua tangu siku ya Korongo, lakini kulitamka kulimshinda kuliko kutoa miji.

Korongo alihama kimya. Kasuku akaomba ruhusa akamwone mama yake. Mama mwenyewe alikuwa amekufa zamani, na Mfalme alijua.

Mji wa mwisho ulipotoka, Bi Nungunungu aliiacha picha ukutani, akaenda zake.

Mfalme akaisogelea. Barazani vikombe vilikuwa vimepangwa, chai imepoa.

"Ni mimi," akasema. "Kiti ni mimi. Kivuli ni nyinyi."

Akageuka, akangoja aambiwe amepata.