Kifungua Kinywa cha Bwana Asili

Kabla hajaitwa Bwana Asili alikuwa karani wa bima wa kawaida, mtu wa kukaa. Alikaa ofisini akigonga mihuri, akakaa kwenye basi, akarudi nyumbani akakaa kusubiri chakula. Kitambi chake kilikuwa kimemtangulia kustaafu. Siku moja daktari aliyatazama majibu yake ya damu, akaguna.

"Achana na vyakula vya kiwandani," akamwambia, "halafu uutikise mwili."

Neno la kwanza lilimwingia mpaka kwenye mifupa. La pili halikupata hata pa kukaa.

Alipofika nyumbani alilivamia jiko kama askari wa forodha. Mkate, soseji, jemu na siagi ya kopo vilitolewa nje ndani ya mfuko mmoja na kuishia kwa jirani, ambaye hakuuliza swali. Mama mkwe wake, aliyehamia kwao tangu goti lianze kumsumbua, alisimama mlangoni akatazama yote.

"Mama," karani akamweleza kwa adabu, "chakula cha kweli hakina maandishi. Ukiona kitu kina herufi, hicho si chakula, ni barua."

"Haya, baba. Na chumvi ya pakiti?"

Akafikiri. "Chumvi tutaimimina kwenye bakuli."

Mkewe alikuwa fundi wa kuezeka mapaa. Mtaa mzima ulimwita Fundi, na mumewe naye alimwita hivyo hivyo, kwa mapenzi. Kazi yake ilikuwa kushinda juu ya kenchi, zile mbao za kubeba paa, anapokea bati, anapigilia misumari, jua limemkalia mgongoni. Kwa hiyo aliposikia kwamba sasa nyumbani kutakuwa na kifungua kinywa cha vyakula vya asili, cha haraka na cha kushibisha, yeye ndiye aliyefurahi kuliko wote. Mambo yaliharibika pale mumewe alipoamua kwamba kitu kizuri namna hii hakiwezi kuishia kwa watu watatu. Lazima dunia ione.

Akaanza kurusha video kwa simu. Yeye akajiita Bwana Asili, na kipindi akakiita "Haraka na Harakati: Kifungua Kinywa cha Dakika Tano kwa Watu Wasiotulia." Mwenyewe alikuwa ametulia kupita kiasi, lakini kwenye video ulionekana mkono tu.

Hizo dakika tano zilianzia jioni ya jana yake. Mbegu za maboga zililowekwa, korosho zikachaguliwa moja moja, zenye kovu zikawekwa kando. Kulipopambazuka papai lilichongwa likawa waridi, na ndizi zikapangwa kwenye sahani kama vigae. Kisha kila mtu akasubiri jua liingie dirishani.

"Hakuna kugusa," alisema. "Mwanga bado."

Fundi alikuwa amesimama na buti zake miguuni, begi la vifaa begani. "Mume wangu, gari la kazini liko nje linapiga honi."

"Subiri kidogo tu. Kivuli cha kijiko kimekaa vibaya."

Fundi akanyoosha mkono, akachukua kipande kimoja cha ndizi. Mumewe akapiga ukelele kama mtu aliyekanyagwa.

"Hicho cha mbele!"

Basi Fundi akawa anaondoka na kipande kimoja tumboni, kile cha mbele. Siku alizobahatika kungoja mpaka picha zikaisha, alikabidhiwa lile waridi na vijiko vichache vya mbegu.

"Mwanangu," mama yake alimnong'oneza siku moja, "hiki ni cha kula au ni cha kupeleka msibani?"

Jioni moja Bwana Asili alikuwa akitafuta futi kwenye begi la mkewe, mkono ukagusa kitu laini. Akakitoa, akakinusa. Mkewe alipotoka kuoga alimkuta ameketi mezani, uso umemshuka.

"Fundi, kaa tuongee."

"Kuna nini?"

"Niambie ukweli. Sitakasirika." Akasogeza karatasi aliyokuwa ameifunika kwa kiganja. "Hiki ni nini?"

"Makombo."

"Makombo ya nani?"

"Ya mkate, mume wangu."

Akashika kichwa. "Tangu lini?"

"Tangu papai lianze kuwa ua."

"Mkate..." akanong'ona. "Mweupe?"

"Mweupe. Na siagi juu."

Kule chumbani mama mkwe alikohoa, kikohozi kilichofanana sana na kicheko. Bwana Asili alilala ameupa ukuta uso.

Huko kwenye simu nako kukaanza maneno. Mtazamaji mmoja aliandika: "Mbona mkono wako laini hivyo? Wewe mtu wa harakati unafanya kazi gani?" Akajibu kwamba kila siku anashughulika na hatari, jambo ambalo kwa mtu wa bima si uongo. Wakataka kuona hizo hatari. Wakaongezeka, wakawa wanauliza kila video. Mwisho akamfuata mkewe, shingo upande.

"Naomba siku moja tu nije kazini kwako. Nivae ile kofia ngumu, nisimame juu pale, simu inirushe mubashara."

"Kusimama hakuna," Fundi alisema. "Kule watu wanafanya kazi. Ukija, utabeba."

Akakubali. Maishani mwake alikuwa amebeba miavuli na mafaili, akadhani neno ni lile lile.

Asubuhi yake alikula alichokuwa akiwahubiria wenzake: waridi la papai, mbegu, na vigae vya ndizi visivyozidi kiganja. Akaenda. Kazi ilikuwa kuezeka ghala, refu kama kiwanja cha mpira. Msimamizi, mtu mnene mwenye sauti nyembamba, alimpa glavu na kumwonyesha rundo la mabati. Bwana Asili akaifunga simu yake kwenye nguzo, akaitazama akatabasamu, akasema, "Karibuni, watu wasiotulia!"

Bati la kwanza alilipandisha anatabasamu. La pili alilipandisha. La tatu lilishikwa na upepo, nusura limpandishe yeye. Jua likapanda. Tumbo likaanza kumsemesha, mwanzo kwa upole, baadaye kwa lugha ambayo hata walio juu waliisikia. Watu waliokuwa wakimtazama kwenye simu waliona akifika juu kabisa ya ngazi, akakumbatia mbao ya kenchi kwa mikono miwili, akatulia hapo kama popo.

"Shemeji, shuka," msimamizi akaita kutoka chini.

"Nashuka," akasema, bila kushuka.

"Umekula nini asubuhi?"

"Papai."

"Na nini?"

"Lilikuwa... umbo la waridi."

Msimamizi akamtazama Fundi. Fundi akatazama pembeni.

Ikabidi afungwe kamba kiunoni na makwapani, ateremshwe kama tangi la maji. Kamba aliishika mkewe mwenyewe. "Achia mbao, mpenzi," alikuwa akimbembeleza. "Mkono wa kushoto kwanza. Sasa huo mwingine. Hapana, mpenzi, usiishike tena." Alipogusa ardhi magoti yalikataa kazi, akakaa chini, na safari hii kukaa kwake hakukumfurahisha.

Ikafika saa ya mapumziko. Mafundi waliketi kwenye kivuli cha ukuta, wakafungua makopo yao na kuyaweka katikati. Viazi vitamu vya kuchemsha. Mayai. Maharage yaliyopoa, parachichi, karanga. Fundi akaongezea mkate wake. Bwana Asili alivitazama kwa zamu.

"Kumbe hivi vyote ni vya asili," akasema polepole.

"Ulidhani tunakula misumari?" msimamizi akauliza.

"Mnaviandaa muda gani?"

"Jioni unabandika sufuria, unaenda zako kuoga. Asubuhi unabeba."

Akasogea karibu na makopo. Alikula kiazi, akala kingine, akamenya mayai, akafuta maharage kwenye kopo la mtu asiyemjua jina. Kisha mkono wake ukaenda taratibu kwenye mkate. Mkewe aliuona ukienda. Akageuka kusifia mawingu, ingawa mbingu ilikuwa tupu.

Ile simu haikuwa imezimwa. Siku zote za papai hazikuwahi kumletea watazamaji wengi kama kule kuteremshwa kwa kamba, na wote walitaka ateremshwe tena. Aliona aibu, akaamua angalau awaambie ukweli. Akamwomba mama mkwe wake asimame mbele ya sufuria aeleze.

"Chemsha viazi na mayai jioni," mama mkwe akasema. "Asubuhi kula, nenda kazini."

Akafunika sufuria. Video ikawa imekwisha.

"Mama, tafadhali ongeza maelezo kidogo."

"Yapi, baba?"

"Labda historia ya kiazi."

"Kiazi kilikuwa ardhini. Kikachimbwa."

Watazamaji wakatawanyika kama waliosikia king'ora. Mmoja aliandika kwamba kipindi kimepoteza ubunifu. Bwana Asili alinuna siku kadhaa, kisha akachoka kununa, maana jioni ilikuwa na kazi ya kubandika sufuria na hakuna mwingine aliyejitolea. Fundi alianza kuondoka ameshiba, kopo limejaa begani, kabla honi haijapigwa.

Jumamosi moja alimkuta mkewe anafunga kamba za buti, akajikuna shingo.

"Fundi, leo naomba nije tena kazini kwako."

"Kubeba?"

"Nilikuwa nafikiria ile saa ya kula."

"Pale anakula aliyebeba."

Akapima maneno hayo na magoti yake. Kisha akauliza kama zile glavu ziko ndani ya begi, au atazikuta kule kule.