Maji Yako Yamekuja Kwangu

Mvua ya vuli ilianza Jumapili asubuhi, na ilipofika saa tano banda la kuku la Bi Nunu lilikuwa limelala chini. Hakufa kuku hata mmoja. Walipanda juu ya tangi la maji wakakaa huko wakitazama uwanja mzima ukigeuka mto.

Bi Nunu alikuwa mjane wa miaka sitini na kitu. Baada ya watoto kuoa na kuolewa, aliiacha nyumba ya familia Temeke akahamia Goba, pembezoni mwa jiji, akapanda pasheni kwenye nyaya na kufuga kuku wake. Kiwanja chake kilikuwa chini ya mteremko. Cha juu yake kilikuwa cha Flaviana, mchora ramani za nyumba, aliyeishi na baba yake, Mzee Fransis.

Bi Nunu hakuja kugomba. Alipanda kilima na mwavuli wake, akaitikia shikamoo, akakataa kukaa.

"Mwanangu," alisema, "maji yako yamekuja kwangu."

Ilikuwa kweli. Mwaka uliopita Flaviana alikuwa ametandika vitofali vya pevingi uwanja wote, kuanzia getini hadi ukuta wa nyuma, kwa kuchoshwa na tope. Yeye ambaye kila ramani aliyowachorea watu aliiwekea mshale wa kuonyesha maji ya mvua yatakwenda wapi, kwake mwenyewe mshale ulikuwa unaishia kwenye mpaka. Aliomba radhi, akaenda na baba yake kulisimamisha banda, na siku ile nzima aibu haikumtoka.

Fundi aliyemwita alimshauri ajenge mfereji wa zege kando ya ukuta. Flaviana aliteremka kuangalia huo mfereji ungemwaga wapi, akakuta ungemwaga jikoni kwa Bi Nunu, au ukipindishwa, kwa jirani anayefuata. Akamwambia fundi asijisumbue. Alitaka maji yazame palepale yalipoangukia.

Mwezi wa kwanza aling'oa theluthi ya pevingi zake. Kabla ya kuchora chochote alichimba vishimo viwili, akavijaza maji kwa ndoo, akakaa kando yake na saa. Kile cha karibu na geti kilikuwa na udongo mzito, na asubuhi ya pili maji yalikuwa bado yamo. Cha upande wa chini kilikuwa na mchanga, na maji yake yalizama kabla ya adhana ya alasiri. Basi akaamua kuchimba bonde la kuzamisha maji huko chini: refu kama gari mbili, kina chake cha kufika magotini, kingo zake zimelazwa taratibu ili zisiporomoke.

Mzee Fransis hakulipenda. Alikuwa mchonga vinyago kutoka Newala, aliyefanya kazi kwenye soko la vinyago la Mwenge miaka thelathini, na sasa alichonga nyumbani chini ya kibanda chake. Alisema binti yake anafuga mbu. Flaviana alimweleza kwamba mbu anahitaji maji yaliyotuama kwa siku nyingi, na haya yatakuwa yamekauka kesho yake. Mzee akasema ataamini akiona, lakini akachukua jembe.

Wakati wa kuchimba ndipo Flaviana alipomwona Bi Nunu, kila siku baada ya adhuhuri, akipita kwenye pasheni zake na unyoya wa kuku, akigusa ua moja baada ya jingine. Alimuuliza anafanya nini. Bi Nunu alimweleza kwamba maua yanakuja mengi, lakini yanadondoka bila tunda, na asipoyapaka unga wa ua lingine kwa mkono wake hapati kitu. Alipohamia Goba haikuwa hivyo. Kulikuwa na vichaka kila upande, na wadudu wakifanya kazi hiyo wenyewe. Sasa watu wamejenga, na unyoya umebaki kwake.

Flaviana alirudi mezani akaichora upya ramani yake. Mwanzoni alikuwa amepanga nyasi tupu. Alimpigia simu Lusungu, aliyesoma naye sekondari na sasa ni bwana shamba, akamuuliza pasheni inamtaka mdudu gani. Lusungu alimjibu kwamba nyuki wa asali ni mdogo mno kwa ua lile, hafikii unga akaubeba. Anayefaa ni yule mkubwa mweusi anayetoboa mbao, na yeye hakai mahali penye maua ya mwezi mmoja tu. Kwa hiyo Flaviana alipanga mimea kwa zamu, moja ikimaliza kuchanua nyingine ianze. Chini kabisa, pa kulowa, aliweka magimbi. Kwenye miteremko, marejea na kivumbasi. Juu kwenye kingo pakavu, mbaazi. Mzee Fransis alichangia magunia manne ya maranda ya kufunika udongo.

Mvua kubwa ya kwanza ya masika iliwakuta wamesimama dirishani. Bonde lilijaa vizuri, wakafurahi kwa dakika chache. Kisha maranda yakaelea. Yakaenda yote kwa pamoja hadi kwenye njia ya kutokea maji yaliyozidi, yakaiziba, na maji yakapita juu ya kingo kwenda kulekule yalikozoea.

Safari hii Flaviana ndiye aliyeteremka, amelowa, kabla hajaitwa. Alimkuta Bi Nunu ameshashika koleo. Walifukua tope pamoja, na mvua ilipopungua Bi Nunu alisema maji yalikuwa nusu ya yale ya vuli, na kwamba tofauti ameiona.

"Rekebisha tu," alisema. "Usikate tamaa kwa ajili yangu."

Wiki ile walitoa maranda, wakaweka kokoto, wakapanua njia ya kutokea na kuipanga kwa mawe. Mvua nne zilizofuata zilizama zote. Mzee Fransis alikwenda kila asubuhi na kijiti kupima maji, na siku ya pili hakukuta ya kupima. Habari ya mbu hakuitaja tena.

Mwezi wa sita marejea yalichanua manjano, na nyuki weusi wakaja. Walikuja wawili, baadaye wengi, wakiunguruma kama pikipiki ya mbali. Wakaingia kwenye maua, na wakaingia pia kwenye nguzo ya kibanda cha Mzee Fransis. Maisha yake yote aliwajua kama waharibifu. Alichukua chupa ya mafuta ya taa na kitambaa, akawa anaziba tundu la kwanza, wakati Bi Nunu alipotokea na sahani ya vitumbua.

Aliiweka sahani chini. "Mzee Fransis, tafadhali usiwaue. Wako kwenye pasheni zangu tangu juzi. Unyoya nimeuweka kabatini."

Mzee alisema kibanda kitamwangukia. Bi Nunu alimjibu kwamba basi awatafutie pengine pa kukaa, yeye si ndiye anayejua mbao? Mzee alikitupa kitambaa chini. Akaenda kwenye rundo lake la miti, akachagua gogo la mwembe lililokauka, akalitoboa kwa kekee matundu ishirini ya upana wa kidole, akalisimamisha kando ya bonde, likitazama mashariki. Nguzo ya kibanda aliipaka rangi. Nyuki walihama taratibu, si wote. Flaviana alimsikia baba yake akiwaambia wageni kwamba matundu yale yanateremka kidogo kuelekea nje, ili mvua isiingie ndani, na kwamba hilo alilifikiria mwenyewe.

Mwezi wa tisa pasheni ziliinamisha nyaya. Bi Nunu alipeleka ndoo nzima juu, akaketi barazani, na safari hii hakukataa chai. Alisema amekuwa akifikiri. Kwake chini kuna kona inayotuamisha maji ya paa lake mwenyewe, na yeye pia hataki yaende kwa jirani. Flaviana amchoree bonde lake.

Walishuka kupima siku ileile. Mzee Fransis alishika kamba upande mmoja, Bi Nunu upande wa pili. Bi Nunu alitaka asumini katikati ya bonde. Flaviana alimwambia asumini haipendi mizizi kulowa.

"Basi iweke pembeni," alisema Bi Nunu, "lakini iwe upande wa dirisha langu."

Flaviana akapiga magoti mchangani, akaiandika asumini kwenye ramani, upande wa dirisha.