Mwenyekiti Aliyekataa Kutoka

Mzee Abdulghani, mwenyekiti wa chama chetu, alikuwa ameniangusha mtihani mara mbili. Mara ya kwanza king'ora kilikwama, ya pili mwalimu mmoja alirudi darasani kuchukua mkoba wake. Mara ya tatu ndiyo ya mwisho, chama hakina ya nne. Bila cheti cha uanachama, kazi ya afisa wa maafa kule Mtwapa ningeisikia tu, nami nimechoka kulala kwenye kochi la dada yangu Kisumu Ndogo. Kwa hiyo usiniambie nilikosa adabu. Sikiliza kwanza.

Chama chetu ni cha wapangaji na wasimamizi wa dharura. Moto, mafuriko, jengo kuporomoka, sisi ndio wenye kujua nani apitie wapi. Kuingia ni mtihani mmoja: uendeshe zoezi la kuhamisha watu, mwenyekiti akitazama, na asibaki mtu ndani. Mwaka huu mzee akaamua nikaufanyie kwenye mkutano mkuu wa chama chenyewe, hotelini Malindi.

"Nyevu binti yangu," akaniambia, "hawa ni wataalamu. Watakurahisishia."

Wanirahisishie nini, jamani. Nilipiga king'ora watu wakiwa kwenye foleni ya biriani, sahani mkononi. Wakanitazama, wakatabasamu, wakaendelea kupanga foleni. Nikapita na kizibao changu cha kung'aa nikiwasihi mmoja mmoja.

"Tunajua ni zoezi, mwanangu," akasema Kahindi, makamu wa mwenyekiti. "Nimeliandika mimi."

Mama Everlyne wa Kilifi akanieleza kwa upole kwamba wao ndio wanaofundisha watu kutoka, sasa watoke wamwonyeshe nani? Nilitaka kulia. Halafu nikaona bora nikasirike.

Nikanong'ona na Pamela, mpishi. Tukaishika ile sufuria ya biriani, yeye huku mimi huku, tukapita nayo katikati ya ukumbi bila haraka, kifuniko wazi, hadi nje kwenye tangi la maji, mahali pa kukusanyika. Haki ya Mungu, sijaona watu wakihamishwa vizuri namna ile. Walitoka kwa mstari, hakuna kusukumana, Kahindi mbele.

Walitoka wote isipokuwa mmoja. Mwenyekiti hupakuliwa kwanza, ndiyo desturi yetu, na sahani yake ilishajaa. Alikuwa peke yake meza kuu akichambua paja la kuku.

"Nipo ndani, binti yangu," akasema bila kuinua macho. "Umeanguka."

Mtwapa ikanitoka hivi hivi nikiiona. Nikatia mkono mfukoni, nikakuta tepe za zoezi: kijani ya mzima, nyekundu ya majeruhi, nyeusi ya maiti. Kanuni aliitunga yeye mwenyewe: anayekaidi king'ora huhesabiwa amekufa, na maiti hasemi mpaka msimamizi afunge zoezi. Msimamizi ni mimi. Nikamfunga nyeusi mkononi.

"Nisamehe, mzee," nikamwambia. "Umeshafariki."

Akafungua kinywa, akakifunga. Ndivyo alivyo, kanuni kwake ni kanuni. Nikaita watu wa machela, wakamlaza na kanzu yake, wakamwondolea paja la kuku kwa heshima zote, wakambeba nje. Ukumbi ukabaki mtupu. Mwenyekiti akifa makamu hushika, basi Kahindi akatia sahihi cheti changu huku anatafuna.

Sikufunga zoezi upesi. Nilipakua kwanza. Lakini mzee alikuwa amelala chali kando ya tangi akinikazia macho, nami nikaweka sahani chini, maana nampenda, na mengi ninayoyajua nimeyapata kwake. Nikapuliza filimbi.

Akaketi, akapangusa kanzu, akanyoosha mkono apewe cheti. Nikampa. Nilijua angeweza kukichana. Akakisoma mpaka chini, akaomba kalamu, akatia sahihi yake juu ya ile ya Kahindi.

"Makamu hushika mwenyekiti akifa," akasema. "Mimi nimefufuka. Sitaki Mtwapa wakuletee maneno."

Kisha akamuuliza Pamela kama imebaki biriani. Ilikuwa imekwisha. Nikamsogezea sahani yangu.