Boga la Kokushubila

Balozi wetu wa nyumba kumi, Mwijage, mtu anayependa sana kusikilizwa, ndiye aliyetutangazia nje ya kanisa kule Kimwani: atakayeshinda kwa boga kubwa kwenye maonyesho ya Sabasaba mjini Bukoba, kibanja chake kitakuwa shamba la mfano. Na shamba la mfano halihamishwi.

Mwaka ule wa sabini na nne hatukuwa na habari nyingine ila kuhamishwa kupelekwa vijiji vya ujamaa. Jirani yangu Kokushubila hakulilia migomba wala kahawa. Katika kibanja chake alikuwa amemzika mwanawe wa pekee, Ildefons, na alikwisha kuapa kwamba hatamwacha peke yake.

Basi akalea maboga matatu. La kwanza lilitafunwa na nungunungu. La pili lilipasuka mvua za Aprili zilipozidi. Likabaki moja, na hilo, sisemi uongo, ilipofika Juni mtu mmoja hakuweza kulikumbatia. Nilimtania kwamba siku hizi analiamkia boga kabla hajasali.

“Celina, wewe cheka tu,” alisema. “Hili likishinda, nitazikwa hapa hapa na mwanangu.”

Sasa niseme kosa langu. Mimi ndiye niliyemwambia, “Ma Ildefons, mgeni mkubwa namna hii unamlaza kwenye udongo mtupu? Mtandikie nyasi.” Kwetu mgeni wa heshima hutandikiwa nyasi mbichi sakafuni. Tukaenda kukata mizigo minne, tukaisukumia chini ya boga taratibu, na kila wiki tukapachika nyingine mbichi pembeni. Za chini hatukuzigusa. Nani humwinua mgeni ili akague matandiko?

Tarehe tano Julai wanaume wanne walikuja na machela ya kubebea wagonjwa. Walipoliinua boga, juu likaja, chini likabaki. Zile nyasi zilikuwa zimevunda na kupata joto, zikaliozesha boga upande wote wa chini. Maji meusi yakawamwagikia wabebaji miguuni, harufu ikatukimbiza sote isipokuwa Kokushubila. Alipiga magoti, akajaribu kulirudishia vipande vyake.

Hakunilaumu. Angenitukana ningepata nafuu, maana nilijiona nimemfukuza kwake kwa mikono yangu.

Mshindi alikuwa mzee Mutembei, wa ng’ambo ya bonde. Nilimchukia mzee wa watu bila sababu. Agosti, lori lilipokuja kutuchukua mimi na Kokushubila, tulimkuta Mutembei keshapanda, amekaa juu ya magunia yake, cheti cha ushindi mapajani.

“Mzee, si wewe uliyeshinda?” nikamuuliza.

“Niliwaonyesha cheti,” alijibu. “Wakaniuliza ahadi hiyo nimeitoa wapi, wakaniambia nipande haraka.”

Mungu anisamehe, nilifurahi. Mwezi mzima nilikuwa sili vizuri, kumbe hata boga lingefika zima Bukoba, tungepanda lori lile lile. Nikamgeukia Kokushubila nimwambie kwamba si nyasi zangu zilizomponza. Hakunitazama. Alikuwa anamtazama Mutembei.

“Wewe unawaacha wangapi chini ya udongo?” alimuuliza.

“Wanne,” alisema Mutembei, akasogeza gunia ili mwenzake apate pa kukaa.